Kunguru wa India: mtego au sumu?

Kunguru huyu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka. Leo anamaliza vifaranga na mayai pwani nzima. Kwa mfugaji, njia ni mbili.

Mtego ni tundu kubwa la waya lenye mlango juu, linalowaruhusu kuingia lakini si kutoka. Utumbo wa samaki huwavuta, ila chambo bora ni kunguru hai aliye ndani: wenzake wakimwona anakula, hushuka. Mpe maji na kivuli kila siku, ni haki yake. Tena ukimnasa kunguru wetu mwenye kifua cheupe, unamwachia aende zake.

Starlicide, sumu inayochanganywa na nyama, hufikia kundi kubwa kwa haraka. Lakini lazima kwanza uwalishe nyama safi siku kadhaa wazoee, nayo haimchagui kunguru mgeni na wa kwetu. Inahitaji kibali na wataalamu.

Kwa banda la kuku nachagua mtego bila kusita. Sumu waachiwe wataalamu kwenye majalala ya mji, wanakokusanyika kwa mamia.