Kusaka makasha Lamu na watoto, mama na ami: uzoefu wangu

Nianze na uamuzi wangu kwa wenye haraka. Mchezo wa Geocaching unafaa sana familia yenye watoto na wazee, na Lamu unafaa kuliko nilivyotarajia, kwa sharti moja: chagua kasha kwa nyota za njia, yaani alama za ugumu wa kupita, usichague kwa umbali. Sharti hilo ndilo lililomwezesha mama yangu, ambaye goti lake linamsumbua kwa muda mrefu, kutoka nasi na kurudi akiuliza tutatoka tena lini.

Kwa asiyeujua, mtu huficha kasha mahali, akaweka tarakimu za latitudo na longitudo kwenye programu ya mchezo huu, na wengine wakalitafuta kwa simu yenye GPS. Ukilipata unaandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo, kisha unalirudisha palepale. Likiwa na vitu vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaacha chenye thamani sawa au zaidi. Kujiunga ni bure. Uanachama wa kulipia upo, na baadhi ya makasha yamefungiwa wanaolipa, lakini sisi hatujaona haja.

Ami yangu, aliyekuwa nahodha mpaka uzeeni, alivutiwa zaidi na asili ya mchezo wenyewe. Mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi GPS ya raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Tarehe 2 mwezi huo ikaacha, na kesho yake tu Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon ili aone kama watu wataipata. "Mita mia kwa Lamu hii," alisema Ami, "utakuwa ushatoka mtaa wa watu ukaingia wa wengine."

Sasa hizo nyota. Kila kasha lina vipimo viwili, kila kimoja kuanzia 1 hadi 5. Kimoja ni ugumu wa kulitafuta, kingine ni ugumu wa njia. Njia ya nyota 1 inatakiwa ipitike hata kwa kiti cha magurudumu. Njia ya nyota 5 inataka vifaa maalumu, kama chombo cha majini au kamba. Ukiwa na mzee, anza na hicho cha pili, cha kwanza waachie watoto wakishughulikie. Simu inakuhesabia umbali kama ndege arukavyo, lakini mji wetu unapanda kutoka ufukweni kwenda juu, vichochoro vina mitaro na ngazi, na punda mwenye mzigo akitokea ni lazima umpishe. Kasha lililo mita 200 kutoka ulipo linaweza kumchosha mzee kuliko la mita 600 lililo kandokando ya bahari, ambako ni tambarare.

Tulichokipata Lamu, ambacho sidhani miji mingi inacho, ni mabaraza. Kila hatua chache pana pa kukaa, tena kivulini. Mama anatembea, anapumzika, anasalimiana, anatembea tena, na hakuna anayemwona kama anachelewesha watu. Nami nasema wazi kwamba mwendo wa mzee ndio uwe mwendo wa safari nzima. Watoto watatangulia na kurudi mbio kama kawaida yao, hilo halina shida.

Ndani ya vichochoro GPS inayumba. Kuta za mawe ya matumbawe ni ndefu na zimekaribiana, kwa hiyo mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu, na mshale unazunguka ovyo. Kijana wangu alikuwa akipelekwa huku na huku na mshale huo mpaka akakasirika. Dawa ni kutoka mpaka penye uwazi, kama pale uwanjani mbele ya ngome, usubiri simu itulie, usome umbali na upande, halafu uingie kichochoroni kwa macho na kwa kidokezo kilichoandikwa na mwenye kasha. Vidokezo vingi tulivyokuta vilikuwa vya Kiingereza, hivyo binti yangu akawa mkalimani wa bibi yake. Naye bibi akishaelewa anachotafuta, alikuwa akituambia tuachane na upande ule kwa sababu anajua ukuta gani umejengwa upya na upi ni wa zamani.

Desturi ya mchezo ni kutafuta kwa siri, wasiocheza wasijue. Hapa kwetu hilo haliwezekani, na sioni vizuri kulilazimisha. Familia nzima kuinamainama karibu na daka la mtu, yaani ukumbi wa mlangoni mwake, bila salamu ni utovu wa adabu, na watu wana haki ya kuuliza mnatafuta nini. Ami alilimaliza jambo hili kirahisi. Alitoa salamu, akaketi barazani na wazee waliokuwapo, wakaanza habari za upepo na bei ya samaki, na watoto wakatafuta kwa raha zao. Misikiti na makaburi tuliyaacha kando kabisa, hata mshale ulipoelekea huko.

Sitasema tulilipata wapi, maana nitawaharibia wengine. Lilikuwa kopo dogo la plastiki, la zile filamu za kamera za zamani, limezungushiwa mkanda mweusi wa gundi. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu nyembamba iliyokunjwa kama msokoto, imelegea kwa unyevu wa bahari. Binti yangu aliifungua kwa ncha za kucha, taratibu, isichanike. Sote tuliandika kwa herufi za kawaida. Mama aliomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni. Wajukuu hawakuwahi kumwona akiandika hivyo. Tulikaa pale kwa muda mrefu akiwaonyesha majina yao.

Shela, kijiji cha jirani, ni habari nyingine. Kwenye ramani ni njia ya ufukweni tu, na mume wangu alishavaa viatu. Ami akatazama bahari, akasema leo ni bamvua, siku ya maji makubwa, na maji yanajaa, mkienda kwa miguu mtaikuta njia imeliwa. Tukapanda boti. Programu haikwambii habari za maji kupwa na kujaa, kwa hiyo muulize mtu wa bahari kabla hujatoka. Kwenye vilima vya mchanga sikumpandisha mama, wala simshauri mtu ampandishe mzee wake. Mchanga ule unavuta miguu. Wazee walikaa chini penye kivuli, watoto wakapanda na baba yao.

Kasha jingine hatukuliona kabisa. Mtoto wetu mdogo alilia, tukaandika kwenye programu kwamba halikupatikana, nalo ni jambo jema kwa sababu mwenye kasha anapata habari akalikague. Makasha ya kwetu ni machache, na hayawezi kuongezwa ovyo. Kasha jipya linapaswa kuwa mita 161 au zaidi kutoka kwa jingine, lipate ruhusa ya mwenye mahali, na lisifukiwe ardhini. Kwa mji ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, hilo la kutochimba na kutogusa mawe ya kuta naliunga mkono kwa moyo wote.

Kwa hiyo siku ambazo hatukuwa na kasha la kutafuta tulicheza mchezo wetu wenyewe, bila kusajili kasha lolote. Ami anatega kitendawili, jibu linawapeleka watoto sehemu ya kwanza, hapo wanahesabu ngazi au madirisha, na hesabu hiyo inakamilisha tarakimu za sehemu ya pili. Mwishowe wanakuta kopo walilowekewa na bibi yao uani kwa jirani, kwa idhini ya jirani. Hii waliipenda kuliko ile rasmi.

Toka baada ya alasiri jua likipungua, mrudi kabla ya magharibi. Beba penseli, kwa sababu wino unasambaa kwenye karatasi yenye unyevu, na vitu vidogo vya kubadilishana kama gololi au vifungo. Chakula hakiruhusiwi ndani ya kasha, hata ubuyu. Likizo ijayo tunakwenda kwa dada yangu Malindi. Huko tuktuk zinafika karibu kila mahali, na mama ameshaniuliza kama njia ya kwenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama ina ngazi.