Dumu la alizeti lililotaka kuniunguzia jiko

Nianze na povu, maana ndilo lililonipandisha hasira. Karai nusu mafuta, moto wa wastani, maandazi manne ya kwanza yakaingia, na kabla hata hayajageuzwa povu la njano likapanda mpaka ukingoni na kumwagikia jiko la gesi. Hiyo si fujo ya kufuta na tambara, huo ni moto unaotafuta nyumba. Mafuta yenyewe ni ya alizeti, dumu la lita tano, yale yanayokamuliwa mashineni na kupangwa kando ya barabara kuu ukipita Singida. Na muuzaji aliulizwa waziwazi kama yanafaa kukaangia maandazi. Akajibu, "Yanafaa kila kitu, dada."

Hayafai kila kitu. Mafuta ya kukamua tu, ambayo hayajasafishwa kiwandani, hubaki na ute wa mbegu, unyevu kidogo na chembe za mashudu. Unyevu ukipata moto unageuka mvuke, ute unayashikilia mapovu yasipasuke, na unga unaodondoka kwenye andazi unazidisha. Yanafura kama maziwa. Isitoshe huanza kufuka moshi kwenye nyuzijoto 107 hivi, wakati andazi linataka kati ya 170 na 180. Ya alizeti yaliyosafishwa hufika 220 na zaidi ndipo moshi uonekane. Sasa mtu anayeuza mafuta kutwa asilijue hilo?

Nilipompigia simu alisema, "Kwani dada umeanza kupika leo? Punguza moto." Punguza moto! Moto ukipungua, ganda la andazi linachelewa kushika, linakaa karaini muda mrefu na kutoka limelowa mafuta. Ushauri huo nao ni wa bure na ni mbaya.

Hasira ilinipeleka mbali zaidi, nikaamini kabisa yamechanganywa na mawese. Kipimo chake ni rahisi: jaza glasi ya kioo, weka kwenye friji usiku mzima, siyo friza. Mafuta mepesi ya mawese yakipata baridi ile huganda, yakawa meupe mazito kama uji. Alizeti halisi hubaki majimaji. Ya kukamua yanaweza kuweka ukungu mwembamba chini, lakini hiyo ni nta ya maganda ya mbegu, haina ubaya. Asubuhi glasi yangu ilikuwa na ukungu tu. Halisi kabisa! Nilitamani yangeganda, niseme kweli.

Kwa hiyo natengua nusu ya niliyoyasema. Kwenye mchicha mafuta haya hayana mpinzani: vijiko viwili vya chakula kwa mafungu mawili, kitunguu kiive kwa moto mdogo bila kuwa kahawia, nyanya, halafu mboga. Ile harufu ya mbegu iliyokaangwa inabaki. Kwenye kachumbari kijiko kimoja kinatosha. Ukitaka yatulie zaidi, yaache dumuni wiki moja mahali penye giza, kisha mimina ya juu taratibu na uyaache mashapo. Wapo wanaoyapika kwanza mpaka povu likate. Povu linapungua kweli, ila chembe zinaungua na kuacha uchungu, na mafuta yanazeeka kabla ya kazi.

Kitabu cha mapishi ninachokiwaza, ambacho mpaka sasa ni daftari na mabaka ya binzari, kilikuwa kinafunguliwa na maneno "alizeti kwa kila pishi". Nimeyafuta. Maandazi na samaki wa kukaanga, alizeti iliyosafishwa, karai lisizidi nusu, mafuta yakiwa meusi na ya kunata yamwagwe. Kisamvu, mawese mekundu kidogo. Wali wa nazi hauhitaji mafuta, tui lina yake ya kutosha, tena mengi ni yale magumu yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mwilini. Na ukurasa mzima utakuwa wa kuikejeli ile lebo ya "haina lehemu", kwa sababu mafuta ya mimea karibu yote hayana lehemu ya kuhesabika. Swali la maana ni ndani yake mna kiasi gani cha mafuta magumu: mawese karibu nusu, nazi zaidi ya asilimia 80, alizeti kama 11. Hilo hawaliandiki kwa herufi kubwa.

Sasa niseme nini? Usinunue? Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Mafuta ni mazuri, tena mazuri kuliko mengi ya madukani yaliyokaa juani kwenye chupa nyeupe. Ulimi wa muuzaji ndio uliochacha. Nikipita tena njia ile nitabeba dumu jingine, ila kwenye meza ya jirani yake.