Studio ya kina dada Langoni: picha safi, ila karatasi yao isomeni

Mnaotafuta mpiga picha wa kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumwonyesha bibi arusi, hapa Lamu, studio hii ya kina dada, ghorofani juu ya duka la vitambaa Langoni, ichukueni. Picha za mwanangu zimetoka hasa: vikuba vya asumini unaona ua moja moja, piko nyeusi tititi, na uso ni wake, haukutiwa weupe wa kompyuta. Wapigaji ni wanawake, na anayezisafisha ni mwanamke pia; hilo niliuliza mapema. Mlangoni waliweka msichana wa kukusanya simu za wageni wasipige picha, kila simu na kibandiko cha namba. Bi mkubwa mmoja aligoma. Akaamkiwa shikamoo, akabembelezwa, simu ikaingia kikapuni.

Bei shilingi 35,000, na albamu na flashi. Si rahisi.

Sasa karatasi ya mkataba. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, wameandika picha zote ni mali ya studio. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi uliyomwagiza mtu haki yake huhamia kwako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na mstari ule ndio hivyo vingine. Nikamwambia mwenye studio aukate. Akaukata kwa kalamu, tukatia sahihi pembeni sote wawili. Hakununa.

Haikupita wiki, mikono ya mwanangu iko Instagram kwenye ukurasa wao. Napiga simu, naambiwa, "Mama, si uso hauonekani?" Lamu hii! Bangili ya nyanyake mtaa mzima waijua, na kabla ya adhuhuri jirani keshaniuliza harusi ilikuwaje. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 haikusema uso, imesema mtu anayeweza kutambulika. Nikamkumbusha mwaka 2023, Kamishna wa Data alivyoitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na Roma School ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Picha ikafutwa nikiwa bado kwenye simu, na radhi akaniomba.

Na msidhani nawaonea. Mimi hakimiliki ninayo, lakini picha za wageni waliovua mabuibui sizirushi kwenye grupu lolote, hata la familia. Picha ni yangu, sura ni zao, na hakuna aliyeniruhusu.

Nimemshauri aongeze mahali pa kuuliza: tuposti au tusiposti, na nani atie sahihi, maana bibi arusi hawezi kuwaridhia wageni wake. Kaahidi karatasi mpya. Nyota nne kwa sasa. Mdogo mtu anaolewa baada ya Maulidi, na nitawaita hao hao, karatasi nikishaiona.