Naseri ya Kiambu Road: nimepata ua la msitu linalopenda kivuli

Kama uko na plot yenye miti mikubwa na chini yake hakuna kitu inataka kumea, soma hii. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwavokado na ukuta mrefu wa jirani, jua tunaona saa nne hadi saa tano basi, waridi nilipanda hapo likakonda hadi likafa.

Mwaka jana kabla ya mvua za Machi nikasimama kwa mama mmoja, zile naseri za kando ya Kiambu Road, nikamwambia nataka ua la kwetu lenye halisumbuliwi na kivuli, akanitolea matunguu ya Scadoxus multiflorus. Ni lile ua jekundu la duara kama mpira, nyuzi nyuzi kila upande, linatoka ardhini mvua zikianza. Shilingi 300 moja, nikachukua matatu. Nikamuuliza kama ameyachimba msituni, akanipeleka nyuma akanionyesha miche yake mwenyewe, anasia mbegu zikiwa mbichi kutoka kwa yale matunda mekundu halafu anangoja miaka ndio ione ua. Hapo ndio alinibamba kabisa, juu wengine wanang'oa tu huko msituni wanakuja kutuuzia.

Akanifunza pia kupanda: shingo ya tunguu ibaki usawa wa udongo, na uchanganye mchanga na samadi iliyooza vizuri, maana huu udongo wetu mwekundu ukishika maji tunguu linaoza. Kwangu ua lilitangulia, majani yakafuata. Ua lenyewe lilikaa kama wiki moja hivi, lakini hiyo wiki watoto walikuwa wanakunywa chai wakiwa wamechuchumaa hapo chini ya mwavokado! Kiangazi kilipofika majani yakakauka yote, fundi wa shamba akataka kuchimba, nikakumbuka vile mama aliniambia, "Kastoma wangu, ikipotea usiing'oe, imelala tu, na usiimwagilie maji." Mwaka huu mawili yameamka na yakachanua, la tatu limetoa majani pekee.

Kitu moja sijafurahia, hakuniambia ina sumu. Mmea wote una sumu, tunguu ndio mbaya zaidi, na sisi tuna mbwa anapenda kufukua. Niliporudi kumuuliza akakubali anajua, sasa mbona usiambie mtu akinunua? Nimeweka waya ya kuku kuzunguka hapo, na Jumamosi naenda kuchukua mengine mawili ya upande wa ukuta.