Mita ya bure ya Youlean: uzoefu wangu wa kuandaa miksi kabla ya masteringi

Niseme mapema msimamo wangu: Youlean Loudness Meter 2, mita ya kupima ukubwa wa sauti, toleo la bure, ndiyo plagini ya kwanza ninayoiweka kwenye kila projekti, na wengi wanaoitumia wanakodolea macho namba isiyowahusu. Namba hiyo ni -14.

Najua ilikotoka. Spotify ikisawazisha nyimbo huzileta kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kwa mpangilio wa kawaida, na mwenye Premium anaweza kuchagua -11 au -19. YouTube nayo hushusha wimbo uliozidi takriban hapo hapo, Apple Music iko karibu na -16. Lakini hayo yote hutokea kwa msikilizaji, wimbo ukiwa umeshapita masteringi, yaani hatua ya mwisho ya kuukamilisha. Miksi unayoipeleka kwa fundi haijafika huko. Ukiibana kwa limita, plagini inayozuia kilele kisipite kiwango, ili tu mita isome -14, umemfanyia fundi nusu ya kazi yake, tena ile nusu ambayo hawezi kuitengua.

Kuiweka hakuna shida. Inakaa kwenye Windows na Mac, na programu nyingi za kurekodia zinaisoma. Mimi niko FL Studio, kwa hiyo inakaa kwenye masta, chaneli ambayo sauti zote hupitia, nafasi ya mwisho kabisa baada ya kila kitu. Hapo kuna jambo la kuangalia: kwenye mikisa ya FL, plagini zinapokea sauti kabla ya feda, kile kitelezi cha sauti. Ukishusha feda ya masta, faili litakalotoka litashuka lakini mita haitajua. Acha feda ya masta kwenye sifuri, ukitaka kupunguza punguza kwenye chaneli. Na kama ulianzia kwenye kiolezo chenye limita kwenye masta, itoe kabla hujaanza kusoma chochote, maana utakuwa unapima kazi ya limita.

Sasa namba zenyewe. Mita hii inafuata kipimo cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, BS.1770, kilichotoka mwaka 2006 na ambacho watangazaji wa Ulaya walikijengea kanuni yao ya R 128 mwaka 2010. Kuna usomaji wa haraka wa milisekunde 400, kuna wa sekunde 3, na kuna wastani wa wimbo mzima unaoandikwa Integrated. Wa sekunde 3 ndio ninaoishi nao wakati wa kumiksi: nasikiliza kiitikio, natazama, narudi kwenye ubeti, natazama tena. Kiitikio kikiwa kimezidi ubeti kwa LU 2 au 3 nasikia kinafunguka. Vikilingana kabisa, mara nyingi nimejaza ubeti kupita kiasi. LU moja ni desibeli moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi.

Ule wastani wa wimbo mzima hauna maana mpaka uche­ze wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Futa usomaji wa zamani, bonyeza pleyi, kaa kimya. Ukirukaruka kati ya vipande unapata wastani wa marudio yako. Kimya cha mwanzoni hakiuharibu, kwa sababu kipimo hakihesabu kilicho chini ya -70 LUFS, na pia huacha vipande vilivyo chini ya wastani kwa zaidi ya LU 10. Ndiyo maana wimbo wenye utangulizi mrefu wa kinanda peke yake hausomeki mdogo kama ungetegemea.

Kitu kilichonifanya niiheshimu mita hii ni besi. Chukua wimbo wenye kiki (ngoma ya chini) nzito na 808, yaani besi ya kielektroniki, ya aina ambayo kila msanii siku hizi anaitaka. Zima vyote, acha hizo mbili. Kilele kinapanda haraka kwenda -5, LUFS inajikokota. Rudisha vokali na gitaa: LUFS inaruka, kilele kinabaki karibu palepale. Sababu ni kwamba BS.1770 inasikiliza kwa kuiga sikio. Inapunguza sauti za chini kabisa na kuinua zile za kuanzia takriban kHz 2 kwenda juu kwa karibu desibeli 4. Kwa hiyo 808 ya Hz 45 inakula nafasi yote ya kilele na msikilizaji haihesabu kama ukubwa wa sauti. Kwenye simu haisikii hata kidogo.

Hapa ndipo naangalia PLR, yaani tofauti kati ya kilele cha juu kabisa na wastani wa wimbo. Kuna wimbo ulinisomea kilele -2 na wastani -20, tofauti 18, na bado msanii alisema uko mwembamba. Nilikata chini ya Hz 30 kwenye 808, nikaiongezea ukwaruzo kidogo ili isikike kwenye spika ndogo, kisha nikaishusha. Tofauti ikaja 14 bila limita yoyote, na wimbo ukasikika mkubwa zaidi kwa kilele kilekile. Kwa upande wa pili, miksi ikisoma 7 au 8 kabla ya masteringi, kuna mahali imebanwa, na ukimpelekea fundi hivyo atakurudishia ikiwa imebanwa mara mbili.

Kuhusu kilele: mita inaonyesha kilele cha kweli, kwa dBTP, yaani inakisia wimbi linafika wapi kati ya sampuli na sampuli, yaani vipimo vya wimbi ambavyo faili huhifadhi. Mita za kawaida za chaneli zinaangalia sampuli tu, kwa hiyo faili linaweza kusoma -0.1 pale na huku likapita sifuri. Ndani ya mikisa ya FL chaneli ikipita sifuri haikatwi, maana inakokotoa kwa floti ya biti 32, namba zenye nafasi juu ya sifuri. Lakini sampuli za masta zikipita sifuri, ukitoa WAV ya biti 24 zinakatwa, na hapo kilichokatwa kimekatwa.

Ile amri ya "acha desibeli 6", yaani kilele kisizidi -6 kabla ya masteringi, naiona imetukuzwa mno. Haina ubaya: biti moja ni takriban desibeli 6, na biti 24 zinakupa kama desibeli 144 kinadharia, kwa hiyo ukiacha 6 hujapoteza kitu cha kusikika. Lakini miksi yenye kilele -3 bila limita ni nzuri kuliko yenye -6 iliyobanwa kwanza halafu ikashushwa. Fundi anaweza kupunguza mwenyewe.

Kama ningeruhusiwa matumizi moja tu ya mita hii, ningechagua kulinganisha na wimbo wa mfano. Wimbo uliokwisha toka unasoma -8 kwenye kiitikio, miksi yangu -18. Naushusha wa mfano desibeli 10 ndipo nasikiliza zote mbili. Bila hivyo sikio linampa ushindi mwenye kelele kila mara, na unaanza kuongeza treble isiyohitajika.

Isichofanya ni kukusaidia kupanga chaneli mojamoja mwanzoni. Kwa hilo bado natumia mita ya VU, kifaa cha mwaka 1939 chenye mshale unaochukua milisekunde 300 kufika, nikiwa nimeweka 0 iwe -18 dBFS, desibeli 18 chini ya mwisho wa sauti ya dijitali. Vokali ikicheza karibu na sifuri ya VU, kompresa zinazoiga mitambo ya analogi zinafanya kazi zilivyokusudiwa. Toleo la kulipia la Youlean sijaona haja nalo kwa muziki. Kwa wanaopeleka kazi za televisheni wanaodaiwa ripoti ya viwango, ni suala lingine.

Imebaki vita na msanii. Wimbo wake utatumwa WhatsApp na kuchezwa kwa flashi kwenye daladala, na huko hakuna wa kusawazisha chochote. Ukiwa mdogo, utakuwa mdogo kweli. Simlaumu akisema "ongeza sauti". Kwa hiyo natoa mafaili mawili: WAV ya biti 24 bila limita kwa fundi wa masteringi, kwa kasi ileile ya sampuli niliyorekodia, na MP3 yenye limita na kilele -1 dBTP ya msanii kusikilizia njiani. La pili nalipa jina SIO MASTA, kwa herufi kubwa, maana lisipoandikwa hivyo ndilo litakalofika redioni.