Viatu vya theluji kwa mbwa mzee mwenye baridi yabisi: kipi cha kwanza, kipi ukiache dukani

Pili ana miaka 12. Ni Labrador aliyechanganyika, kilo 29, na bado hajakubali kwamba amezeeka. Saa kumi na mbili asubuhi yuko mlangoni akingoja kutoka, hata siku ambayo hapa Brooklyn Park, Minnesota, kipimajoto kinasoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Shida yake ni nyonga zote mbili na kiwiko cha kushoto. Daktari wa mifugo alitutajia ugonjwa kwa Kiingereza kirefu, nasi nyumbani tukauita kwa jina tulilolizoea: baridi yabisi. Asubuhi za Januari viungo vyake hukakamaa, na hatua za kwanza huzitembea kama anayekanyaga miiba. Akishapata moto, anataka tuzunguke Palmer Lake yote.

Huu ni msimu wa tatu wa theluji tukimvalisha viatu, na nimeshalipia aina tano. Ningejua mapema jambo moja, ningenunua mbili tu: kwa mbwa wa namna hii, kiatu unakichagua kwa kuangalia viungo vyake kwanza, baridi baadaye.

Maana nyayo za mbwa zenyewe zimeumbwa kwa baridi. Mishipa inayoshusha damu ya moto na ile inayorudisha damu iliyopoa imelala pamoja, joto likivuka kutoka mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mbwa mzima hutembea kwenye theluji muda mrefu kuliko tunavyodhani. Kinachomwangusha mzee ni vitu vingine. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huingia kwenye nyufa za nyayo na kuwasha. Baridi ikizidi, chumvi ya kawaida hushindwa kuyeyusha barafu, watu wakamwaga aina nyingine, kloridi ya kalisi, ambayo hutoa joto inapokutana na maji. Theluji nayo huganda vidonge katikati ya vidole, hasa mbwa akiwa na manyoya marefu hapo. Halafu kuna utelezi. Mbwa kijana akiumwa wayo mmoja atachechemea na kuegemea miguu mingine mitatu. Pili hana miguu mitatu mizima ya kuegemea. Kidonge kimoja cha barafu kwenye mguu wa kulia wa mbele kinahamishia uzito kwenye kiwiko kile kile kinachouma, na jioni yake hawezi kuinuka kwenye mkeka.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, shika kiatu mkononi ukiuliza haya. Wayo wake unakunjika kwa vidole viwili? Kama haukunjiki mkononi mwako, hautakunjika chini ya mbwa, naye ataanza kurusha miguu juu kama farasi, na kila mrusho unaitikisa nyonga. Ni chepesi? Mdomo wake unafunguka wazi kabisa, au itabidi usukume mguu ndani kwa nguvu? Na akikanyaga, atasikia ardhi? Hili la mwisho ndilo watu hulisahau. Mbwa mzee tayari hajui sawasawa miguu yake ya nyuma iko wapi. Ukiifungia ndani ya raba nene, unamwondolea hata kile kidogo alichobaki nacho.

Vipimo

Punguza kucha kwanza. Msimamishe mbwa juu ya karatasi, inua kidogo mguu wa upande wa pili ili uzito ushuke na wayo utanuke, kisha chora ukingo wake. Kwa mbwa mwenye maumivu usimwinue mguu zaidi ya sekunde chache, na mtu mwingine amshike tumboni. Pima mguu wa mbele na wa nyuma kila mmoja peke yake, kwa sababu kwa kawaida wa mbele ni mpana zaidi; mbwa hubeba huko kama asilimia 60 ya uzito wake, na mwenye nyonga mbovu huegemea mbele zaidi ya hapo.

Kuna mtego hapa. Ruffwear hupima upana wa wayo, Muttluks hupima urefu kutoka kisigino hadi ncha ya kucha. Ukichukua namba ya kampuni moja ukaagizia kiatu cha nyingine, utarudisha mzigo. Mimi nilirudisha mara mbili.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza nawapa Muttluks, vile vyenye kitambaa cha manyoya laini ndani. Vinatoka Toronto, mji unaoijua chumvi ya barabarani, na vimetengenezwa kama soksi ndefu yenye wayo wa ngozi laini. Mguu unaingia bila vita, mkanda unazunguka mara moja, na sehemu ya juu inavutika kupanda mguuni ili theluji isiingie. Pili alitembea kawaida siku ya pili. Seti ya vinne ilinigharimu zaidi kidogo ya dola 60. Udhaifu wake nitausema wazi: ngozi ikilowa hushika vibaya kwenye barafu iliyong'aa, na vinachelewa kukauka. Nyuzi zikipanda karibu na sifuri na theluji ikawa uji, usimvalishe hivi. Siku kavu za baridi kali, ambazo hapa ndizo nyingi, sijaona vinavyovizidi kwa mbwa wa umri huu.

Nafasi ya pili inakwenda kwa vile vifuko vya nailoni vya mbwa wa sleji, wale wanaovuta gari la kuteleza juu ya theluji. Havina sura. Ni mfuko wa nailoni ya Cordura na mkanda mmoja wa velkro, basi. Lakini vimepimwa na kazi: kwenye mbio za Iditarod kule Alaska, zinazokwenda takriban kilomita 1,600 kutoka Anchorage hadi Nome, sheria inamtaka kila dereva awe na vifuko vinane kwa kila mbwa. Ni vyepesi kiasi kwamba mbwa husahau anavyo, huuzwa kimoja kimoja kwa dola chache, na kikipotea kwenye theluji huhuzuniki. Vinazuia vidonge vya barafu na chumvi kavu vizuri sana. Havizuii maji, na kwenye lami vinatoboka haraka, kwa hiyo ni vya njia ya msituni au ziwani, wala si vya kutembelea mtaani. Madereva wa sleji huvivua mbwa anapopumzika ili damu ipite na wayo upate hewa. Fanya vivyo hivyo hata mkisimama garini dakika kumi.

Kama mfuko wako hauruhusu Muttluks, anza na hivi bila wasiwasi wowote.

Tatu ni Pawz, vile vya mpira vinavyofanana na puto, 12 katika pakiti moja. Hapa moyo wangu umegawanyika. Kwa kusikia ardhi na kushika sakafu yenye maji, hakuna vinavyovifikia. Mbwa anatembea kama yuko peku. Kwa chumvi ni kinga kamili. Shida iko kwenye kuvalisha. Mpira lazima uutanue kwa mikono miwili na kuupitisha juu ya vidole, na mbwa mwenye vidole au kifundo kilichovimba ataona maumivu hapo. Tena havina joto wala havipitishi jasho, na jasho la mbwa liko kwenye nyayo. Tunavyo kando ya mlango kwa ajili ya kutoka usiku kujisaidia, dakika kumi, siku ambazo jirani amemwaga chumvi njia nzima. Kama mbwa wako ana nyonga mbovu lakini vidole vizima, vipandishe nafasi ya pili.

Nne ni Ruffwear ya Oregon, na najua wengi wataona nimewaonea. Polar Trex ina kitambaa cha joto na shingo ndefu, Grip Trex ni nyepesi zaidi, na zote zina wayo wa raba ya Vibram unaoshika barafu kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Kwa mbwa wa miaka mitano anayepanda milima ningeziweka juu kabisa. Ila wayo ule ni mgumu zaidi na kiatu ni kizito zaidi. Pili akivishwa vyote vinne, miguu ya nyuma ilikuwa ikijikwaa kwenye ukingo wa njia, na nikaviondoa siku hiyo hiyo.

Lakini usiondoke kabla hujasoma hili. Kuna mbwa wazee ambao kiatu hiki ndicho haswa wanachohitaji: wale wanaoburura vidole vya nyuma. Ukiona kucha za nyuma zimesagika upande wa juu, au alama za mkwaruzo kwenye theluji baada ya kila hatua, vifuko vya nailoni na ngozi laini vitaliwa kwa wiki moja. Hapo raba ngumu mbele ya vidole ni kinga ya ngozi. Nunua jozi ya nyuma tu. Grip Trex huuzwa viwili viwili. Nami, siku za barafu ya kioo, humvalisha jozi moja mbele peke yake, kwa sababu huko ndiko uzito ulipo, na nyuma namwachia kucha zake zichimbe.

Mwisho kabisa, vile vya mtandaoni visivyo na jina, vinne ndani ya mfuko wa plastiki, wayo mgumu kama ubao na mikanda miwili inayong'aa. Nilivinunua mwaka wa kwanza kwa sababu vilikuwa rahisi. Mkanda wa juu ulikaa palepale kwenye ile kucha ya pembeni ya mguu wa mbele, na matembezi matatu yalitosha kumtia kidonda kilichochukua wiki mbili kupona. Wiki mbili bila kutembea, kwa mbwa ambaye dawa yake kubwa ni kutembea. Viache.

Na kama hataki kiatu chochote? Wapo, na kuwalazimisha ni kuwaumiza. Mpake nta ya nyayo kabla ya kutoka; Musher's Secret ndiyo tunayotumia, nayo ilianzia kwa mbwa wa sleji. Punguza manyoya kati ya vidole, fupisha safari, na mkirudi mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe, ili asiilambe chumvi.

Kuvalisha bila kumuumiza

Mama yangu wa Nakuru aliponiuliza kwa simu kwa nini mbwa avishwe viatu, nilimweleza habari ya chumvi na viungo. Hakusema mengi. Magoti yake yana baridi yabisi miaka mingi, na kupanda matatu kwake ni kazi. Aliniambia tu, "Basi usimvute mguu kuuleta kwako. Wewe mfuate ulipo."

Nilikuwa nikifanya kinyume chake. Nilikaa kando ya Pili nikimvuta mguu upande wa nje ili nione ninachofunga, na viungo vya bega na nyonga vya mbwa huyu havitaki kwenda upande huo. Sasa mguu wa mbele naukunja nyuma kama anavyoukunja mwenyewe akitembea, na wa nyuma nauinua kidogo tu kutoka sakafuni, nikiwa nimepiga magoti nyuma yake. Anasimama juu ya zulia. Sakafu laini ya mbao haifai kabisa. Asubuhi hatuanzi na viatu. Tunazunguka nyumbani dakika tano apate moto, halafu ndipo.

Mzoeze ndani kwa siku tatu au nne, dakika chache, ukimpa kipande cha kuku kila kiatu kinapoingia. Mkanda uukaze kiasi kwamba kidole chako kidogo kinapita. Kila baada ya nusu saa simama uangalie kama kuna kilichojipindua. Mkifika nyumbani vivue mara moja, panua vidole vyake utazame wekundu, na vianike mbali na jiko, kwa sababu ngozi ikikaushwa kwa moto huwa ngumu na faida yake yote imekwisha.

Mbili za kumalizia, nazo si za dukani. Usimpe kamwe dawa zako za maumivu, ibuprofen ikiwa ya kwanza; zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Na ukiona anaanza kuburura mguu ambao mwezi uliopita hakuuburura, au anakanyagia upande wa juu wa mguu badala ya nyayo, usiharakishe kuagiza kiatu kigumu zaidi. Hiyo huenda ikawa mishipa ya fahamu wala si viungo. Mrekodi kwa simu akitembea bila viatu, mbele na nyuma, ukampelekee daktari video hiyo.