Gari la kukodi na dereva Hargeisa: gari nyota mbili, dereva tano

Nilikaa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland (ilijitenga na Somalia), siku nne mwezi uliopita nikakodi gari na dereva kwa kampuni moja ndogo, jina naliacha maana kero ninayo. Walichelewa saa nzima, AC imekufa, na Laas Geel kwenye ile michoro ya mapangoni ni kama kilomita 50 za jua kali, nilichemka jamani.

Lakini dereva sasa! Mzee mpole, Kiswahili alikipata Eastleigh, Nairobi, enzi za ukimbizi, ananiita dada. Tulisimama kwenye mnara wa ndege ya kivita ya MiG pale katikati ya mji, nikadhani atanipa stori za vita tu, kumbe akaanza na uchaguzi wa rais wa Aprili 2003, wa kwanza wa vyama vingi tangu wajitangaze huru 1991. Dahir Riyale, aliyekuwa rais tayari, alipewa kura 205,595, Silanyo wa chama cha upinzani Kulmiye 205,515. Toa mwenyewe hapo. Kura 80! Hao ni watu wa matatu sita za abiria 14 na viti vinabaki.

Kulmiye wakakataa, kesi ikaenda mahakamani, Mei mahakama ikasema Riyale ndiye. Mzee wangu alimpigia Silanyo na anasema wiki zile usingizi hakuuona, wazee wanapita huku na kule kuwatuliza watu, mpaka Silanyo mwenyewe akakubali yaishe. Na Riyale ni mtu wa mkoa wa Awdal, hata si wa ukoo wa Isaaq ambao ndio wengi. Nikamwambia mzee, lakini 2003 hamkuwa hata na daftari la wapiga kura, sasa kura 80 mtu anazijuaje? Akasema hakuna anayejua dada, mpaka leo.

Sasa mbona hamkuingia barabarani? Akanionyesha ile ndege. Akasema 1988, kwenye vita na serikali ya Somalia, ndege za serikali hiyo zilikua zinaruka kutoka uwanja wa hapahapa mjini, zinapiga mji, zinarudi kutua palepale zibebe mabomu mengine, nani tena alikua na hamu ya vita.

Nilishindwa kuongea. Mimi nimekulia Eldoret, Januari 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi Kenya, nilikua na miaka 13 na tulilala kituo cha polisi siku tisa, mama amekaa macho usiku kucha. Nilimweleza, akazima gari tukakaa tu.

Baadaye tukanywa chai ya maziwa yenye iliki, akaniambia 2010 Silanyo alishinda na Riyale akaondoka kwa amani, na 2017 wakapiga kura kwa daftari la kupiga picha ya jicho ili mtu asijiandikishe mara mbili. Alinionyesha na jicho lenyewe walilolipiga picha, la kushoto, anacheka.

Ukienda omba yule aliyeishi Eastleigh, chukua siku mbili, moja haitoshi kabisa, beba dola ndogondogo na maji mengi kwa sababu ile AC sidhani wametengeneza.